Taifa, Dola na Mpaka: Historia Inayosomeka Sikuda

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja iliyo karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia. Siku moja niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kutunga sentensi moja kwa kutumia maneno matatu: taifa, dola na mpaka. Mwanafunzi mmoja, ambaye jamaa zake ni wa Sikuda, aliandika hivi: "Taifa letu lina dola mbili, na mpaka unapita kati yetu na shangazi." Alipoisoma sentensi hiyo mbele ya wenzake, darasa zima liliangua kicheko, kwani wao walidhani anazungumzia fedha za Marekani. Mimi sikucheka, lakini nilifanya kosa kubwa zaidi. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "taifa", nikaandika pembeni "Sema kabila", nikampunguzia alama moja.

Baada ya kipindi alinijia na daftari lake, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, hao wa ng'ambo ni ndugu zetu wa damu. Kama sisi na wao si taifa moja, basi tu nani?" Nilimwambia kwamba tungelizungumza siku nyingine. Siku hiyo haikufika. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa, nami nayaandika kwa ajili ya walimu wenzangu, kwa kuwa maneno hayo matatu tunayafundisha sote, na aghalabu tunayachanganya.

Maneno na asili zake

Sikuda ni gombolola, yaani kata kwa utaratibu wa utawala wa Uganda, katika Wilaya ya Busia, jirani na mji wa mpakani wenye jina hilo. Wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 1997 ilipomegwa kutoka Wilaya ya Tororo. Katika sehemu hizi za Busia na Tororo wanaishi Wasamia na Wagwe, ambao ni Wabantu. Wateso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha Mashariki. Na Wapadhola, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kijaluo. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, wako Wasamia wa Funyula na Wateso wa Amukura. Msamia wa Uganda akikutana na Msamia wa Funyula hahitaji mkalimani. Kadhalika Mteso wa Tororo na Mteso wa Amukura huulizana habari za ukoo kabla ya kuulizana habari za safari.

Basi watu hawa tuwaite nani? Lugha yetu imejaliwa maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina nasaba yake. "Taifa" limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kundi la watu tu, lisilolazimika kuwa na bendera wala jeshi. "Kabila" nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya watu waliounganishwa na nasaba. "Dola" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzunguka na kupokezana zamu. Waliolitumia kwanza walikwisha kuona kwamba utawala hauna mwenyewe wa milele. "Serikali" ni la Kiajemi, na kwa asili ni mkuu wa shughuli. "Raia" lilikuwa kundi linalochungwa. "Nchi" ni letu la Kibantu, nalo hutaja ardhi kabla ya kumtaja mtawala.

Neno la kutazamwa zaidi ni "mpaka", ambalo lina undugu na kitenzi "pakana". Kitenzi hicho kiko katika kauli ya kutendana, kama "pendana" na "saidiana". Hakuna anayepakana peke yake. Tena neno hilo hilo tunalitumia kusema "nitakwenda mpaka Tororo", maana yake nitafika huko. Neno moja linasema mahali pa kukomea, na vilevile linasema mahali pa kufikia.

Wataalamu wa sheria na wa siasa wamejaribu kuyatenga maneno haya. Mkataba uliotiwa sahihi mjini Montevideo mwaka 1933 uliitaja dola kwa sifa nne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Kuhusu taifa, mwanachuoni wa Kifaransa Ernest Renan, katika mhadhara wake wa mwaka 1882, alieleza kwamba damu, lugha na dini havitoshi kulifanya. Taifa hutegemea kumbukumbu ambazo watu wanazo pamoja, na ridhaa yao ya kuendelea kuishi pamoja. Kwa hiyo dola twaweza kuipima kwa ramani na kwa sheria, lakini taifa limo katika nafsi za watu.

Kiswahili cha kila siku hakiufuati mgawanyo huo. Tunasema "Umoja wa Mataifa" ilhali wanachama wake ni madola. Tunasema "uhusiano wa kimataifa", "timu ya taifa", "wimbo wa taifa". Neno "taifa" tumelibebesha mzigo wa "dola", na neno "dola" limebaki katika "vyombo vya dola" na katika mifuko ya wabadilisha fedha. Si ajabu, basi, kwamba darasa langu lilicheka.

Mpaka uliotangulia dola

Vitabu vingi vya shule huyapanga mambo haya kwa utaratibu ufuatao: kwanza kuna taifa, taifa hujipatia dola, dola hujiwekea mipaka. Utaratibu huo unavutia, na zipo nchi zinazoukaribia. Lakini mwanafunzi wa Sikuda akiutumia kuisoma historia ya kwao atapotea, kwa sababu kwao mambo yalikwenda kinyume. Mpaka ulikuja kwanza, dola zikafuata baada ya miaka sitini, na mataifa yangali yanajengwa.

Kuna jambo lingine la kusahihishwa. Wanafunzi wetu hukariri kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa katika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Mpaka wa Busia haukuchorwa huko. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 na 1890 ndiyo yaliyogawanya Afrika Mashariki baina ya mataifa hayo mawili ya Ulaya, na eneo lote tunalolizungumzia likaangukia upande wa Uingereza. Himaya ya Uganda ilitangazwa mwaka 1894, na Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, mwaka 1895. Wakati huo mkoa wa mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Funyula na Amukura zilikuwa Uganda.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Waingereza waliona taabu kuiacha njia moja ya reli chini ya tawala mbili. Kwa hiyo tarehe 1 Aprili 1902 mkoa ule wa mashariki ukatolewa Uganda, ukatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Hapakuwa na vita, wala mkataba baina ya wafalme wawili. Mwenye nyumba mmoja alihamisha kiambaza ndani ya nyumba yake mwenyewe, na waliokuwa wamelala chumbani hawakuulizwa.

Mstari huo ulielezwa kwa urefu katika amri ya kifalme ya mwaka 1926. Unatoka ziwani hadi mlango wa mto Sio, unapanda kaskazini, unafuata mto Malaba na mto Lwakhakha hadi mlima Elgon. Mito ilichaguliwa kwa kuwa huonekana vizuri katika ramani. Lakini kwa wakazi wake mto ni mahali pa kuteka maji na kunywesha mifugo, na watu wa kingo zote mbili hukutana hapo kila siku.

Mara tu baada ya kiambaza kuhamishwa, maisha ya pande mbili yalianza kutofautiana. Upande wa Uganda utawala uliingia kwa mikono ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, na mawakala wake. Kiganda kikawa lugha ya amri na ya dini. Upande wa Kenya Waingereza walimtumia Mumia, Nabongo wa Wanga, na jamaa zake wakapewa uchifu juu ya Wasamia na Wateso. Hivyo Mteso wa huku alitozwa kodi kwa Kiganda, na nduguye wa kule kwa Kiwanga. Wote wawili walikuwa wakitawaliwa na mfalme mmoja wa London, lakini kwa sauti mbili za kigeni.

Mpaka mwembamba, mpaka mnene

Hata hivyo, kwa miaka mingi mpaka huo ulikuwa mwembamba. Kuanzia mwaka 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja. Reli ilipita Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Mtu aliweza kuuza ng'ombe upande mmoja na kununua jembe upande wa pili bila kubadilisha senti.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Kiambaza cha ndani kikawa ukuta wa nje baina ya dola mbili. Mwaka 1966 kila nchi ikawa na benki kuu yake na shilingi yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1967, ikavunjika.

Mpaka unaponenepa, wako wanaoumia na wako wanaonufaika. Baridi kali ilipoangamiza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda duniani kote. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo na serikali yake, na kahawa ikavuka usiku kwenda Kenya. Soko la Chepkube, chini ya mlima Elgon, lilipata umaarufu kwa biashara hiyo mwaka 1976 na 1977. Neno "magendo" likawa neno la kila siku. Walichokifanya watu hao kilikuwa ni kubeba mizigo kutoka kijiji kimoja hadi kijiji cha pili, kama walivyofanya babu zao. Sheria ndiyo iliyokuwa imebadilika chini ya nyayo zao.

Hapa Busia pia ndipo lilipozaliwa neno "boda-boda". Baina ya vituo viwili vya ukaguzi palikuwa na mwendo wa kuchosha, na vijana wenye baiskeli wakawa wanawapakia abiria, huku wakiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitaja mara mbili. Leo neno hilo hutumika katika miji ambayo haina mpaka wowote karibu, na wengi wa wanaolitumia hawajui kwamba wanautaja mpaka wa Busia kila wanapoita pikipiki.

Siasa za wakubwa nazo zilifika. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda kihistoria. Alikuwa akiikumbuka ramani ya kabla ya 1902. Kuhusu ramani hakukosea. Alikosea kudhani kwamba ramani ya mkoloni wa 1900 ina haki zaidi kuliko ramani ya mkoloni wa 1902. Serikali ya Kenya chini ya Mzee Jomo Kenyatta ilikataa katakata, na Amin akarudi nyuma. Kisha Desemba 1987 majeshi ya nchi mbili yalirushiana risasi hapo hapo Busia, na mpaka ukafungwa kwa muda. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Je, isingekuwa bora kuifuta mistari hii na kuwaunganisha ndugu? Swali hilo liliulizwa mapema. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Cairo mwezi Julai 1964, waliamua kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolitetea sana wazo hilo. Hoja yake ilikuwa na uzito: mipaka hiyo haina maana, lakini ukianza kuisogeza mmoja, utaisogeza yote, na kila hatua ni damu. Somalia haikukubali. Nyota ya bendera yake ina pembe tano, zikiashiria nchi tano walimokaa Wasomali, mojawapo ikiwa kaskazini-mashariki mwa Kenya. Hapo taifa moja lilitafuta dola moja, na matokeo yake yalikuwa vita katika eneo hilo tangu 1963 hadi 1967. Tanganyika na Zanzibar, zilizoungana tarehe 26 Aprili 1964, zilifuata njia nyingine: makabila zaidi ya mia moja katika dola moja, wakatafuta utaifa kwa msaada wa lugha moja.

Uamuzi wa Cairo ulileta amani mahali pengi. Lakini yafaa tuseme wazi ni nani aliyeilipia amani hiyo. Ililipiwa na watu wa mipakani, na Sikuda ni mojawapo ya mahali palipolipa.

Karatasi ya uraia

Tofauti ya maneno haya huonekana wazi siku kijana anapokwenda kuomba kitambulisho. Katiba ya Uganda ya 1995 inampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake au wa babu na bibi zake ni wa jamii ya wenyeji iliyokuwapo Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika katiba yenyewe. Zilikuwa 56, na marekebisho ya 2005 yakazifanya 65. Wasamia wamo, Wagwe wamo, Wateso na Wapadhola wamo. Kenya hufuata njia nyingine: kwa Katiba ya 2010, mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkenya ni raia wa kuzaliwa, hata akizaliwa nje ya nchi.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Amri ya mwaka 1926 iliutia mstari kati ya Wasamia na Wasamia. Mwaka huo huo ndio unaotumiwa sasa kuwatambua Wasamia kuwa wenyeji wa Uganda. Kabila, ambalo dola ililikata vipande viwili, limekuwa shahidi wa dola. Na mtoto ambaye mama yake ni wa Sikuda na baba yake ni wa Funyula aweza kuwa na haki pande zote mbili, kwa kuwa nchi zote mbili sasa zinaruhusu uraia wa nchi mbili. Lakini haki hiyo hutaka karatasi, na karatasi hutaka mtu anayejua kulisoma na kulijaza fomu. Anayeandika "Msamia" mahali palipoulizwa uraia, au "Mganda" mahali palipotakiwa "Mwuganda", huweza kurudishwa nyumbani. Hapo somo la msamiati huacha kuwa mchezo wa darasani.

Katika miaka ya karibuni mpaka umeanza tena kuwa mwembamba. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika mwaka 2000, na soko la pamoja mwaka 2010. Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja hapo Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja na msafiri hukaguliwa mara moja. Lakini mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria, malori ya mizigo yakaachwa yapite. Mpaka ni kitu kinachofanywa na watu kila siku. Waweza kupungua na waweza kuongezeka.

Nasi walimu wa Kiswahili tunahusika zaidi ya tunavyodhani. Uganda ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri ya utawala wa kijeshi, na kwa miaka mingi watu wengi walikisikia kama lugha ya bunduki. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kenya ilikifanya lugha rasmi katika Katiba ya 2010. Mtoto wa huku na mtoto wa kule, ambao mababu zao walipewa Kiganda na Kiwanga, wanaanza kukutana katika lugha ambayo si ya mtawala wa yeyote kati yao. Tukiwafundisha maneno yasiyo sahihi tutakuwa tumeongeza ukuta mwingine.

Basi nashauri hivi. Tunapofundisha maneno haya, tufundishe na umri wake. Watu wa Sikuda ni wakongwe kuliko mpaka. Mpaka wa 1902 ni mkongwe kuliko dola za 1962 na 1963. Na mataifa, Kenya na Uganda, ni ridhaa inayoombwa upya kwa kila kizazi. Mwanafunzi asilazimishwe kuchagua kati ya shangazi yake na bendera yake. Aelezwe kwamba udugu ni jambo moja, uraia ni jambo la pili, na utaifa ni jambo la tatu, na kwamba mtu mmoja aweza kuyabeba yote.

Namrudia mwanafunzi wangu. Sentensi yake ilikuwa sahihi kwa sarufi: upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari. Kwa maana ya asili ya neno "taifa", ilikuwa sahihi pia, na kwa historia ilikuwa sahihi kuliko kitabu nilichokuwa nimekishika mkononi. Leo ningemwachia neno lake, kisha ningemwomba aongeze sentensi ya pili, inayoeleza ni mwaka gani shangazi yake alipata kuwa mtu wa nchi nyingine. Naamini angeweza kuiandika. Ile alama moja bado namdai nafsi yangu kwa niaba yake.